Mishipi Mitatu na Mwanzi Mmoja

Mtu mwenye mali huingia katika duka la vyombo vya uvuvi kama mtoto aingiavyo katika shamba la maembe: huchuma bivu na bichi, kisha akatupa nusu yake njiani. Mwenye fedha chache hupita mlango ule ule kwa moyo mwingine. Kila kitu akitazamacho humwuliza swali, na swali lenyewe ni moja: Ukinichukua mimi, utaacha nini?

Swali hili lilimkuta kijana mmoja wa Mitole mwezi wa Julai, mara baada ya kulipwa fedha za ufuta. Mitole si kijiji cha ufukweni. Kimo katika wilaya ya Kilwa, mkoa wa Lindi, lakini kiko nyuma ya pwani, katika nchi ya ufuta, mihogo, mtama na mikorosho, na wengi wa watu wake huijua bahari kwa harufu ya samaki mkavu aletwaye juu ya baiskeli kuliko kwa sauti ya mawimbi. Kijana huyu alikuwa mkulima, mwana wa mkulima. Lakini mama yake alizaliwa Kilwa Masoko katika nyumba ya wavuvi, na tangu utoto wake hakuna likizo ya shule iliyopita asishinde ngalawani kwa mjomba wake, akikumba maji na kukata chambo.

Sababu iliyomrudisha baharini haikuwa mapenzi. Ufuta hulipa mara moja kwa mwaka, na chungu huinjikwa kila siku. Mwaka ule mavuno yalikuwa ya wastani, na fedha zilipofika mkewe alizigawa juu ya mkeka mafungu matatu. Fungu la kwanza, bati za kuezekea upande mmoja wa nyumba. La pili, sare, viatu na madaftari ya mtoto wao mkubwa, ambaye angeanza darasa la kwanza mwezi wa Januari. La tatu, dogo kuliko yote, lilikaa peke yake ukingoni mwa mkeka, nalo ndilo mume alilolitaka.

"Baba watoto," mkewe alisema, "sikukatazi. Lakini fungu hili ndilo mbegu na palizi ya mwakani. Likizama, usiniombe fungu la bati."

Alikubali. Wala mke hakuwa mwoga bila sababu. Kaka wa mumewe alikuwa amekopa akanunua wavu wa uzi mmoja wa nailoni, ule mwembamba usioonekana majini, na kwa miezi michache alivua kuliko majirani zake wote. Mwaka 2018 nyavu haramu ziliposakwa pwani na kuchomwa moto, wavu ule ulikuwa miongoni mwao. Moto uliisha kwa muda wa saa moja. Deni lilichukua misimu mitatu ya korosho. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, pamoja na kanuni zake, hairuhusu nyavu za namna ile, na kaka alijua. Alichokosa kujua ni kwamba chombo cha bei kubwa humtawala aliyekinunua: humlazimisha kukitumia hata pale akili yake inapokataa, kwa kuwa fedha ya mkopo haingoji.

Kijana akapanda pikipiki, kisha gari, akafika Masoko alasiri. Mjomba wake alikuwa amekaa kivulini akishona tanga.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Hawajambo Mitole?"

"Hawajambo. Wanakusalimu."

Kijana akatoa karatasi aliyoandika usiku. Ndani yake mlikuwa na mishipi ya namna saba, ndoana za namna tisa, wavu mdogo, madema mawili, taa na jaketi la mvua. Mzee aliisoma mpaka mwisho, akaikunja, akaiweka chini ya kokoto upepo usiichukue.

"Fedha yako ni kiasi gani?"

Akamtajia.

"Basi hii ni orodha ya mtu mwingine," mjomba alisema. "Tuandike yako."

Shauri la mzee halikuanza na vyombo, bali lilianza na samaki. Kila chombo cha uvuvi ni jibu, na mnunuzi mjinga hununua majibu kabla ya kuyajua maswali. Je, kijana atavua wapi, wakati gani, samaki gani, na atapandia chombo cha nani? Majibu yalikuwa machache. Atavua katika mito na mabwawa karibu na nyumbani wakati bahari ni kali. Atavua juu ya miamba na mchanga wa maji ya Kilwa wakati bahari ni tulivu. Na chombo ni ngalawa ya mjomba, kwa mapatano ya theluthi moja ya samaki wake kuwa sehemu ya chombo. Karatasi ya kwanza ikapotewa na nusu ya maneno yake papo hapo. Madema yalifutwa, maana dema ni chombo cha mtu alalaye karibu na bahari, awezaye kulizamua kila maji yanapotoka. Wavu ulifutwa bila maneno, kwa kutazamana tu.

Yafaa kusimama hapa kidogo juu ya wavu na ndoana, maana watu hudhani tofauti yao ni wingi wa samaki. Tofauti kubwa zaidi ni kwamba wavu hauchagui. Mwaka 2003 jarife lililotegwa kilindini katika maji ya Kilwa lilitoa samaki ambaye hakuna mtu aliyemtega: yule samaki wa kale, mwenye mapezi mfano wa viungo, aliyejulikana na wataalamu kwa mabaki ya mawe tu mpaka mmoja alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Kwa wenye elimu ilikuwa habari kubwa. Kwa mwenye jarife alikuwa samaki wa mafuta asiyeuzika. Ndoana nayo hukosea, lakini hukosea kwa samaki mmoja mmoja, na mvuvi aweza kuipunguzia makosa kwa ukubwa wake, kwa chambo chake na kwa kina inakoshushwa. Maskini anayenunua ndoana hununua pia haki ya kuchagua, ambayo tajiri wa nyavu ameiuza.

Wakaingia dukani. Chombo cha kwanza kilichochaguliwa kilikuwa mshipi wa unene wa milimita 0.50, urefu wa meta 100, kwa ajili ya changu. Changu hula juu ya mchanga na majani ya bahari kando ya miamba, na huonja kabla ya kumeza. Mshipi mnene humtia shaka, tena huzuia mkono wa mvuvi kusikia ule mguso mdogo wa kwanza. Mshipi wa kiasi hiki hustahimili uzito wa kilo 13 hivi ukiwa mpya, na changu wa kawaida hafikii hata nusu ya hapo. Huu ndio mshipi wa kila siku, utakaolipa chumvi na sukari.

Cha pili kilikuwa mshipi wa milimita 1.00, kwa ajili ya chewa. Hapa kijana alishangaa, maana alidhani unene ukiongezeka mara mbili nguvu nayo huongezeka mara mbili. Sivyo. Nguvu ya uzi hufuata eneo la ncha yake iliyokatwa, si upana wake. Unene ukiwa mara mbili, nguvu huwa mara nne. Mshipi huu hubeba karibu kilo 50, na nguvu hizo si za kujivunia, ni za lazima, kwa sababu ya tabia za chewa. Chewa hakimbii mbali. Hukaa mlangoni mwa pango lake, hutoka kwa ghafula, humeza, na kabla mvuvi hajajua la kufanya amekwisha kugeuka kurudi ndani. Akiingia hutanua matamvua na mapezi yake, akawa kama kabari katika ukuta, na hapo hata manahodha wawili hawamtoi. Vita vya chewa huamuliwa katika pima mbili za kwanza. Mshipi mwembamba hapa ni zawadi kwa mwamba.

(Chewa wana ajabu nyingine, ambayo haiongezi wala kupunguza bei ya mshipi. Wengi wao huzaliwa majike, na baadhi yao, wakiisha kuwa wakubwa, hugeuka kuwa madume. Kwa hiyo mahali ambapo chewa wakubwa wamekwisha kuvuliwa wote, wanaobaki huwa wengi wa jinsi moja. Mwamba uliopigwa baruti, kama ilivyopigwa miamba mingi ya pwani ya kusini kwa miaka mingi, hauna hata hao.)

Cha tatu kilizua ubishi. Kijana alitaka mshipi wa kurambaza, ule ukokotwao nyuma ya chombo kinachokwenda, ili njiani kwenda na kurudi apate kolekole au nguru. Mjomba aliona ni anasa: siku nyingi mshipi wa kurambaza huoga tu. Lakini kijana alijibu vizuri, na jibu lake lastahili kukumbukwa. Alisema atanunua milimita 0.80, meta 60 tu. Ukirambazwa utafaa kwa kolekole, na siku ile mshipi wa chewa ukikatika mwambani, huu utashushwa chini kushika nafasi yake. Mshipi mmoja wenye kazi mbili si anasa. Mzee akacheka, akaomba kwa muuza duka kipande cha waya mwembamba cha kuweka juu ya ndoana, maana nguru ana meno kama mkasi na nailoni kwake ni ugali.

Zikaja ndoana. Hesabu ya ndoana huenda kinyume: namba ikipanda, ndoana hupungua, na wengi wasiofahamu hununua namba kubwa wakitumaini samaki mkubwa. Walichukua 20. Kumi za namba 10 kwa changu. Sita za namba 5, zitakazotumika kwa chewa na pia kwa kurambaza. Nne za namba 16 kwa samaki wadogo wa mtoni. Risasi za kutilia chubwi hawakununua ila moja. Kwa mahali penye mawe mengi mjomba alikuwa na njia ya wazee: jiwe la ukubwa wa ngumi hufungwa kwa uzi dhaifu wa pamba, likinasa, uzi hukatika, jiwe likabaki kwao lilikotoka, na mvuvi hupandisha ndoana yake. Wakaongeza tupa moja ya kunolea. Ndoana butu huishi muda mrefu, lakini haina kazi.

Chombo cha nne hakikununuliwa. Kilikuwa mwanzi, uliokatwa Mitole penyewe na kukaushwa darini juu ya moshi, wenye urefu wa hatua nne na ncha nyepesi. Kipande cha mshipi mwembamba wa kuufunga mwenye duka alikitoa bure, kwa kuwa kilikuwa kimebaki mwishoni mwa kigurudumu.

Hapo ununuzi ukaisha, na fedha iliyosalia ilitosha nauli na chai.

Taabu ya kijana huyu haikuwa ya Kilwa peke yake. Katika miaka ya 1920 Wazungu wa Kenya walileta katika ziwa Naivasha samaki wa Marekani mwenye kinywa kipana, aitwaye besi, wapate kumvua kwa fimbo kwa ajili ya mchezo. Huko Marekani kwenyewe mchezo huo umekuwa elimu kamili. Iko fimbo laini kwa chambo chepesi, fimbo ngumu ya kumng'oa samaki katika magugu, fimbo fupi ya kurushia chini ya miti, na mtu mwenye uwezo hujaza mashua yake kumi au kumi na mbili, kila moja na kazi yake. Mwenye mfuko mdogo hukwama mlangoni mwa duka vile vile, akiuliza ni ipi ya kwanza. Wazoefu wa huko humjibu karibu kama mzee wa Masoko: chukua moja ya ugumu wa kati, ya futi 7 hivi, ifanyayo kazi nyingi, ongeza moja nyepesi kuliko hiyo na moja nzito kuliko hiyo, kisha nenda ukavue. Lakini kwa mvuvi wa mchezo uteuzi mbaya huharibu Jumamosi yake. Kwa huyu wa Mitole ulikuwa utaharibu palizi ya mwakani.

Julai ni mwezi wa kusi, na kusi halikumngojea kijana limalize kuvuma. Mishipi mitatu ilitundikwa ndani ya nyumba, mahali pasipo jua, kwa agizo la mjomba, kwa sababu jua hula nailoni kimya kimya. Mshipi ulioachwa nje miezi michache huonekana mzima na hukatika kama uzi wa buibui. Wakati huo wote kazi ilifanywa na mwanzi. Kijana aliteremka nao kwenye mabwawa yaachwayo na mito ya wilaya ile maji yapunguapo, akavua kambale na perege kwa minyoo na vipande vya utumbo wa kuku. Hawakuwa samaki wa kuuza. Walikuwa samaki wa chungu. Lakini kila siku mwanzi ulipopika, fedha ya kitoweo ilibaki katika kibweta, na mkewe, asiyependa kusifu upesi, alianza kuuegemeza mwanzi ukutani kwa mkono wake mwenyewe badala ya kuurukia.

Mwezi wa Oktoba upepo ukalegea, maleleji yakaingia, naye akarudi Masoko na mishipi yake. Mjomba alitazama mwezi kabla ya kutazama bahari. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji ya pwani ile hupanda na kushuka kupita meta 3, na mkondo huichukua chubwi kama jani. Ndoana haikai chini, mvuvi huvua maji. Maji mafu ndiyo maji ya mshipi. Kwa hiyo walingoja siku tano. Mtu aliyeiacha nyumba yake Mitole huona siku tano ni nyingi, hasa akila kwa mjomba, lakini ungojaji nao ni sehemu ya vyombo, na hauuzwi dukani.

Juma la kwanza mshipi wa 0.50 ulifanya kazi yake. Changu walipatikana, si wengi, si wachache, na theluthi ya chombo ilipotoka kilibaki kitu. Juma la pili akashusha ule mnene, kwenye mwamba wa pima 15, na chambo cha ngisi. Chewa alikuja. Kijana alisikia uzito usiotingishika, kama mtu aliyekaa juu ya ndoana; akavuta, akapata pima moja, akapata pima moja na nusu, na ghafula mkono wake ukawa mtupu, akaanguka juu ya matanga.

Mjomba akaupandisha mshipi, akautazama mwisho wake. Haukukatika. Ncha yake ilikuwa imejikunja kama mkia wa nguruwe.

"Umefunga fundo la kamba," alisema. "Nailoni si kamba, mjomba. Nailoni huteleza."

Ndipo akamwonyesha, polepole, kama afundishwavyo mtoto kuandika. Mshipi hupitishwa katika tundu, huzungushwa juu ya mwenziwe mara tano, ncha hurudishwa katika tanzi la kwanza, na kabla ya kukazwa fundo hutiwa mate, maana likikazwa kavu huungua kwa msuguano na kudhoofika pale pale penye kazi. Akamwonyesha la pili: kipande cha mwisho, chenye ndoana, kiwe chembamba kidogo kuliko mshipi. Mwamba ukikamata, kipande kitakatika, mshipi utabaki. Kijana alifunga na kufungua mpaka jua likatua, na vidole vyake vikapasuka. Fungu zima la tatu, bei ya mishipi, nauli, siku tano za kungoja, vyote vilikuwa vimetegemea mizunguko ile mitano ya uzi, ambayo haigharimu hata senti.

Ndoana ziliendelea kupotea. Tatu zilibaki mwambani, mbili zilikatwa na meno, moja ilimezwa na papa mdogo aliyekwenda nayo. Mshipi wa kurambaza ulioga siku kumi na moja, kama mzee alivyotabiri, na siku ya kumi na mbili ulileta kolekole wawili kwa safari moja, na mzee hakusema neno.

Chewa wa kwanza alipatikana mwanzoni mwa Desemba, siku ya maji mafu, alfajiri. Safari hii pima mbili za kwanza zilikuwa za kijana. Samaki alipofika juu, tumbo lilimvimba kwa ile hewa ya ndani itanukayo anapotolewa kilindini, akaelea ubavu, kinywa wazi. Aliuzwa dikoni asubuhi ile ile, mwili wote isipokuwa kichwa. Kichwa kilifungwa katika majani ya mgomba, kikapanda gari, kisha pikipiki, mpaka Mitole, pamoja na fedha zilizotosha kulipa palizi, na kidogo zaidi.

Mkewe alikipika kwa nazi. Watoto walipokwisha kula na kulala, alileta kibweta, akahesabu fedha mara mbili, kisha akaishika ile kopo ya ndoana, akaitikisa sikioni.

"Zimebaki ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Zilikuwa ishirini."

"Zilikuwa ishirini," mumewe alisema, akaichukua tupa, akasogea karibu na taa.